Mama Pindo na Fundo Lisilo Lake

Duka bado halijafunguliwa, na Mama Pindo anakagua kufuli. Analigeuza juu chini, anapitisha kidole gumba kwenye tundu la ufunguo, kisha analinusa. Kufuli lililochezewa, anasema, huwa na harufu ya mafuta. La leo halina harufu. Anafungua shingo upande.

Ndani anakiondoa kitambaa kinachofunika cherehani, anakikung'uta, na kabla hajakaa anamgeukia mwandishi. "Wewe umetumwa na nani?"

Na gazeti, anajibiwa.

"Gazeti nalo lina wenyewe," anasema, na kumwonyesha mgeni kiti. Si kiti chochote. Ni kile cha upande wa kulia, kwa sababu jicho lake la kulia ndilo lililofanyiwa upasuaji, na ndilo linaloona watu. La kushoto, ambalo bado lina mtoto wa jicho, linaona sindano. Kati ya macho hayo mawili hakuna linaloelewana na mwenzake, na ugomvi wao umemgharimu zaidi ya alivyotarajia.

Ana miaka sitini na mmoja. Wateja walimpa jina la Mama Pindo kwa sababu pindo lake la gauni halionekani hata ukilitafuta kwa kurunzi. Duka ni chumba chembamba chenye dirisha moja, taa ndefu darini na cherehani mbili zinazotazamana. Mbele ya cherehani ya pili kuna kiti kitupu. Hicho ni cha wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekata vitambaa na kutia vifungo humu kwa miaka kumi na tisa.

Akiulizwa wifi yuko wapi, Mama Pindo anaanza kupanga vifungo ambavyo tayari vimepangwa.

Upasuaji wenyewe ulifanyika mwaka jana. "Siku walipobandua bandeji nililia," anasema. "Niliona nyumba za ng'ambo ya barabara, hadi nguo kwenye kamba. Nikaona na utando wa buibui hapo darini, nikajua wageni wangu wote walikuwa wanauona na kuninyamazia."

Furaha haikudumu. Jioni ikiingia, kila taa iliota ndevu. Jicho liliwasha kana kwamba limeingiwa na mchanga. Na vitu vya karibu, yaani kazi yake yote, vilikuwa vurugu tupu. Baada ya miezi kadhaa ukungu nao ukaanza kurudi, mwepesi, kama kioo kilichopumuliwa.

"Niliamini wameniwekea lenzi ya mtu mwingine," anasema. "Mtu mrefu, labda. Maana ya mbali naona, ya karibu sioni."

Daktari alimweleza taratibu. Lenzi ilipimwa kwa ajili ya mbali. Kwa karibu itabidi avae miwani. Na ukungu ule ni utando ulio nyuma ya lenzi, ambao kwa baadhi ya wagonjwa huwa mzito, na huondolewa kwa mwanga maalumu bila kisu. Maelezo yalikuwa safi. Tatizo ni kwamba dirisha la kuuzia miwani lilikuwa kwenye korido ileile.

"Daktari huku, miwani pale. Nikasema, aha, hawa wanakula sahani moja."

Akarudi nyumbani bila miwani na bila kuondolewa ukungu, akaendelea kushona kama zamani, kitambaa kimegusa pua, kwa jicho la kushoto.

Mafundi wenye macho mabovu wana ujanja wao. Uzi ukibadilishwa, hautungwi upya kutoka mwanzo. Unakatwa juu, ule mpya unafungwa kwenye ncha ya ule wa zamani, halafu unavutwa polepole kupitia mashine hadi fundo lifike karibu na sindano. Hapo tu ndipo jicho linahitajika. Mama Pindo hufunga mara mbili. Hufunga mara mbili hata mfuko wa chumvi.

Siku moja alitoka kidogo, akarudi, akavuta uzi. Kwenye vidole likapita fundo. Lilikuwa limefungwa mara moja.

"Machale yakanicheza," anasema. "Humu tulikuwa wawili tu."

Kesho yake akaaga kwamba anakwenda kununua zipu, akavuka barabara na kusimama kwenye kivuli cha duka la viatu. Kwa mbali anaona vizuri, na hilo analirudia kwa fahari. Akamwona wifi yake akiinuka, akitazama mlangoni, kisha akiinama juu ya cherehani isiyo yake.

Mazungumzo yaliyofuata anayasimulia bila kumtazama mwandishi.

"Wifi, unafanya nini hapo?"

"Nasafisha."

"Unasafisha na uzi mkononi?"

Wifi akauficha uzi kiganjani.

"Unaniharibia kazi, nionekane sijui kitu, duka libaki kwako. Sema sivyo."

"Hayo umeyatoa wapi, wifi?"

"Macho yangu yamefunguliwa siku hizi."

Wifi aliweka mkasi mezani, akachukua mtandio wake na kutoka. Hakubamiza hata mlango, jambo ambalo Mama Pindo aliliona kuwa ushahidi zaidi.

Alibaki na oda ya mashati meupe ya wahudumu wa hoteli. Aliyashona peke yake, akayapeleka kifua mbele. Mkuu wa wahudumu akayarudisha. "Mama, shati jeupe, mishono ya njano. Wageni watadhani tumemwagiwa mchuzi."

Jibu lake lilikuwa rahisi: wifi ameingia kwa siri akabadili nyuzi. Akanunua kufuli jipya, akazitia funguo zake zote mbili kwenye kamba na kuzivaa shingoni. Akafumua mashati yote, akayashona upya. Mkuu wa wahudumu akayarudisha tena, safari hii bila mzaha.

"Nililigeuza kufuli juu chini," anasema. "Kufuli jipya, funguo kifuani. Sasa nimshuku nani? Nilijitazama, nikajikuta nimebaki mwenyewe."

Alichukua uzi aliokuwa anautumia na mwingine wa pakiti iliyoandikwa mweupe, akaziweka zote mbili dirishani, akarudi nyuma hadi mlangoni. Akaziba jicho la kushoto. Mmoja ulikuwa mweupe, mwingine rangi ya krimu. Akaziba la kulia, akasogea karibu. Zote mbili zilikuwa sawasawa.

Alirudia mara kadhaa. Akalishuku dirisha, akazipeleka nje juani. Jua nalo likasema vilevile.

Jioni hiyo alikwenda kwa wifi yake. Alimkuta anaosha vyombo, na hakukaribishwa kukaa.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu ile suruali nyeusi ya mwalimu uliyoishona kwa uzi wa bluu."

Suruali hiyo ilishonwa miaka minne kabla ya upasuaji.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema nimetumwa na fundi wa jirani. Nikaona bora nifunge uzi sahihi, ninyamaze. Watu wangejua Mama Pindo haoni rangi, nani angekuja? Nilidhani ukishapasuliwa na mimi nitapumzika."

"Na mimi nikakufukuza."

"Ulinifukuza, ndiyo."

Mama Pindo alivua ufunguo mmoja shingoni, akauweka kando ya beseni. Wifi aliendelea kusugua sufuria. "Nitaona," akasema, na hakugeuka.

Hayo ni ya wiki mbili zilizopita, na kiti bado kitupu. Miwani ameshainunua, ingawa kila akiivaa anaikagua kwanza kama noti bandia. Ukungu wa kulia utaondolewa, na jicho la kushoto limepangiwa upasuaji mwezi ujao. Hospitali imemtaka aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Majirani? "Watanipitisha kwenye mtaro." Kanisani? Anatikisa kichwa.

Kuna hofu nyingine, na anaisema polepole. "Nikiona na ya karibu, wifi atakuwa na sababu gani ya kurudi?"

Shati la mwisho la hoteli linasubiri mkono mmoja. Anavaa miwani, anashika uzi juu ya cherehani na kuuvuta. Vidole vinasimama ghafla.

Anaugusa tena, taratibu. Anavua miwani, anaivaa, anautazama. Kisha anatazama kufuli lililolala mezani, lile lisilo na harufu. Halikuchezewa. Lilifunguliwa kwa ufunguo ule wa kando ya beseni, alfajiri, na mtu aliyefunga fundo hili mara moja tu.

Machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza halisingizii jicho.

"Huu uzi rangi gani?" anamuuliza mwandishi.

Mweupe, anajibiwa.

Hahoji. Anauvuta polepole hadi fundo lifike kwenye sindano, anakata, anatunga, anashusha mguu kwenye pedali.

"Andika kwamba mwezi ujao nakwenda kupasuliwa la kushoto," anasema juu ya mlio wa mashine. "Na andika kwamba nina wa kunirudisha."