Damu Tuliyolisingizia Ziwa

Nimezaliwa ufukweni mwa ziwa, Mbamba Bay, nikaolewa Mkumbi, huku milimani kwenye kahawa. Nilikuwa na nguvu jamani. Kwenye kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya shamba la mteremko, mawifi zangu walikuwa hawanifikii.

Kuhara kulianza taratibu, kisha ikaja damu pamoja na ute. Mume wangu hakushangaa. Huku mtu wa ziwani akiumwa tumbo, jibu lipo tayari: kichocho. Nami niliamini, kwani ziwa lile nimeogelea tangu utotoni. Nikameza dawa za kichocho, nikarudia, nikarudia tena. Damu ikazidi.

Nisiwafiche kitu. Nilikuwa nachimba nimejifunga vitambaa kama mtoto mchanga, maana vichakani nilikuwa siwahi kufika. Tumbo lilinikata, magoti yakavimba, nikakonda mpaka pete ikawa inadondoka yenyewe. Nikaacha kula ili nisihare. Mwanangu Neema akakataa kulala nami kwa sababu ya harufu. Hapo nilimwomba Mungu anichukue, na nilimaanisha.

Mama mkwe ndiye aliyechoka kusubiri. Akaja akaketi kitandani kwangu.

"Mwanangu, kichocho gani hiki kisichosikia dawa? Twende hospitali kubwa, hata kwa kubebwa."

Nilibebwa kweli. Wakaniongezea damu, wakaingiza kamera ndogo kwa njia ya haja kubwa. Aibu niliyokuwa naiogopa wala sikuisikia. Daktari alisema utumbo mpana umejaa vidonda.

"Mama Neema, ziwa halihusiki. Kinga ya mwili wako inaushambulia utumbo wako mwenyewe."

Nikamuuliza nitapona lini. Akasema ugonjwa huu hutulizwa kwa dawa, lakini haujapata dawa ya kuumaliza. Nililia kama nimefiwa.

Dawa zilichelewa kunishika, ila zilinishika. Damu ilikata, nikarudi shambani. Namshukuru Mungu, namshukuru mama mkwe. Kanisani wakaniita mbele nishuhudie kwamba nimepona. Nikasimama, nikawaambia: "Sijapona. Nimetulia, na asubuhi hii nimemeza dawa. Anayeona damu chooni asijitibu kwa kubahatisha, akapimwe."

Makofi hayakupigwa. Nje, mama mmoja wa kwaya alinifuata, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hospitali hiyo ni mbali.

Nikamwambia tutakwenda wote.