Mbwa Asiyempenda Mtu

Sipendi mbwa. Naanza na hilo ili mtu asinisome akitarajia utamu wa mnyama na bwana wake. Nimefuga wawili, wote kwa sababu ya ukuta ambao haukumalizika, na aliyenifaa ni yule ambaye na yeye hanipendi.

Nyumba yetu iko Segerea. Mume wangu na mimi tuliijenga kwa miaka, mshahara wangu wa ualimu ukinunua saruji, wake ukinunua nondo na mabati. Ukuta tuliuanza mbele, na geti lake, kama wanavyofanya watu wote wanaojengea macho ya wapita njia. Ubavuni na nyuma tulipanda michongoma, tukasema mwakani. Mwakani haikufika, mume wangu akafa. Hata tanga lilikuwa halijapoa vizuri vibaka wakapenya nyuma, wakaondoka na pampu ya maji na nguo zote zilizokuwa kambani, mpaka sare ya shule ya mwanangu. Nikasema basi, nitatafuta mbwa.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anaishi Temeke. Alipopata habari alikuja siku hiyohiyo, akasema mwanamke hachagui mbwa, kwa sababu mwanamke huangalia sura. Tukaenda watatu, yeye, mimi na mwanangu wa kike aliyekuwa darasa la tano, kwenye nyumba moja Mikocheni ambako kulikuwa na watoto wa mbwa chotara. Mwanangu alimnyooshea kidole mmoja mwenye doa jeupe jichoni. Shemeji hakumsikiliza. Aliwainua mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, akiwaning'iniza hewani. Aliyelia alirudishwa chini, huyo mwoga. Ikatokea kwamba yule wa doa hakulia. Mwanangu alifurahi akidhani aliyechagua ni yeye.

Tulipofika nyumbani shemeji aliomba ugali. Nikadhani ana njaa, nikamtilia na mboga. Mboga hakuigusa. Alimega tonge, akafungua vifungo vya shati, akalisukuma kwapani na kubana mkono. Akakaa hivyohivyo barazani kwangu, ananisimulia bei ya mahindi huko kwao bara, mpaka tonge likalowa jasho. Kisha akampa yule mtoto wa mbwa, naye akala.

"Akishakula jasho lako huyu, hakusahau mpaka afe," aliniambia.

Nikamuuliza kwa nini lisiwe jasho langu, maana mbwa ni wangu. Alicheka. Mimi nashinda shuleni, alisema, na mbwa anataka mwanamume. Nikauona ni ushamba tu, nikaenda zangu kusahihisha madaftari.

Mbwa akakua, na nisiwe mwongo, alikuwa mbwa. Alimfukuza muuza maji, alimfukuza msoma mita, kaka yangu wa tumbo moja alimzuia nje ya geti mpaka nilipotoka na fimbo. Mwanangu alikuwa akilala naye kwenye kivuli cha baraza, kichwa chake ubavuni mwa mbwa, anamsomea hadithi za kitabu cha shule. Tangu tumzike baba yake nilikuwa sijamsikia akicheka, na sasa alicheka. Nilimvumilia mbwa kwa ajili hiyo. Shemeji naye akawa haishi kuja, na kifurushi chake cha utumbo, na mbwa akimwona alilia kwa furaha na kujikojolea.

Aliyenifumbua macho ni jirani, mama mmoja wa pwani aliyezaliwa hapahapa Dar, ambaye tangu nilete mbwa hakuwa amekanyaga kwangu. Tulikuwa tunaamkiana kwa mbali, naye ameshika baibui lake lisiguswe. Siku hiyo alinipigia simu nikiwa darasani.

"Mwalimu, mie mbwa simpendi, unajua hilo. Lakini shemejiyo kaingia na mtu kwa nyuma, na huyo mbwa wako ndo anawaonesha njia."

Niliomba ruhusa, nikapanda bodaboda. Nilimkuta shemeji na bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, wanapima kiwanja kwa hatua, kutoka kwenye tangi la maji mpaka shimo la choo. Mbwa anawafuata nyuma akitikisa mkia. Nikauliza wanapima nini. Shemeji hakuona hata haya. Nyumba ni jasho la kaka, alisema, na mke ni mpitaji, bado kijana, ataolewa. Iuzwe, kila mtu ashike chake, na mtoto apelekwe kwa bibi yake bara akalelewe na ukoo.

Kiwanja na nyumba ningeweza kugombania hata kwa serikali ya mtaa. Aliposema mtoto, nilikwenda kulifungua geti. Niliwatoa kwa maneno ambayo hayafundishwi shuleni, na wakaenda, lakini hawakuenda kwa haraka.

Jioni hiyo nilipika ugali. Mimi, mwenye stashahada ya ualimu, ninayewakataza watoto wa watu ushirikina, nilifunga mlango wa jikoni, nikavua blauzi na kuweka tonge kwapani. Sikungoja lipoe, likaniunguza, nikatukana peke yangu. Mbwa alilila lote. Akanilamba mkono. Toka hapo akawa ananifuata mpaka mlango wa chooni, nikaamini nimemrudisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua. Shemeji akachomoza kwenye michongoma na watu wake, safari hii wawili, bila hata hodi. Mbwa alikuwa amelala miguuni pangu. Aliinuka, akanitazama, kisha akamkimbilia. Akamrukia, akamlamba uso, halafu akarudi kwangu na kunilamba mimi, akaenda tena kwake. Alikuwa na mapenzi ya kuutosha ukoo mzima.

Shemeji akawageukia wenzake. "Mnaona? Hata mbwa anamjua mwenye mji."

Wakacheka. Nikafuta povu mikononi, nikachukua mnyororo uliokuwa ukutani na kumfunga mbwa shingoni, kisha ncha ya pili nikamtia shemeji mkononi.

"Mchukue," nilisema. "Hiki ndicho chako. Kingine chako humu hakuna."

Alidhani natania. Nilichukua mchi wa kinu, nikasimama nao mpaka walipotoka. Mbwa alikwenda kwa furaha, mkia juu, hakugeuka nyuma. Mwanangu alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Aliporudi aliona bakuli tupu barazani, akauliza, nikamjibu. Hakulia mbele yangu. Alilichukua lile bakuli, akaliosha na kuliweka chini ya kitanda chake.

Wa pili nilimchagua mwenyewe. Kuna mzee mmoja huko Ukonga anafuga mbwa nyuma ya nyumba yake, nikamwamkia, akaniambia nichuchumae, yule atakayenijia ndiye wangu. Nikamwambia simtaki atakayenijia. Nikamuuliza kama anaye asiyempenda mtu, hata yeye anayemlisha. Akanipeleka kwenye banda la peke yake. Humo mlikuwa na jike jeusi, kubwa tayari, limeshauzwa mara mbili na kurudishwa. Liliponiona lilijitupa kwenye nondo likanionesha meno mpaka ufizi.

"Huyu sikupi, mama," mzee alisema. "Nasikia una mtoto."

"Kwa sababu nina mtoto," nilimjibu.

Siku nilipomleta, mwanangu alimtazama kupitia dirisha, akaniuliza kama huyu naye atampenda. Nikamwambia hapana, na asimsogelee. Nilimwekea banda nyuma na waya mrefu wa kukimbilia, kutoka michongoma mpaka geti. Chakula nampelekea kwa kusukuma sufuria na mpini wa fagio. Hana jina. Nikirudi kazini ananibwekea getini kwangu mwenyewe kama mwizi, mpaka leo. Jirani yangu alisema sasa hapo umepata mbwa.

Shemeji alijaribu nyuma mara moja. Kipande cha suruali yake kilibaki kwenye miiba wiki nzima, na nilikiacha. Ndipo Jumapili moja, tumetoka kanisani, akaja mbele. Alisimama nje ya geti, mkononi ana mnyororo wangu, na mwishoni mwa mnyororo yule wa doa jichoni, amekonda, mbavu nje.

"Nimekuja ili mwanangu amwone mbwa wake," alisema. "Mfunge huyo wako, shemeji, tuingie."

Mwanangu alikuwa ameshatoka barazani. Yule mbwa alipomwona alianza kulia, akaingiza pua chini ya geti, akachimba udongo kwa kucha. Jike langu lilikuwa linapasuka kwa hasira, linaruka na kuvutwa na waya, povu kifuani.

"Mama, fungua," mwanangu alisema. "Mama, ni yeye. Anataka kuingia."

Nikamtazama shemeji. Hakuwa anamtazama mbwa wala mimi. Alikuwa anamtazama mwanangu, anatabasamu, anamwita kwa jina lake la nyumbani, kwa upole, kama alivyokuwa akimwita mbwa alipomletea utumbo. Nikajua ni tonge lilelile, na safari hii halikuwa la mbwa.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sikufungua. Mwanangu alinivuta gauni, akalia, akanipiga ngumi za mgongoni, na mimi nikasimama. Shemeji alingoja mpaka jua lilipomchoma, kisha akaanza kumvuta yule mbwa, naye safari hii hakutaka kwenda. Aliburutwa kwa shingo mpaka kwenye kona.

Nyumba ni yetu bado. Ukuta wa nyuma nimeufikisha kiunoni. Mwanangu yuko sekondari sasa, hapahapa, kwa mama yake, ananipa shikamoo kila asubuhi na kupita bila neno la pili. Nilisikia yule mbwa alifia Temeke, kwenye mnyororo. Sijamwambia. Bakuli lake bado liko chini ya kitanda, na kila Jumamosi mwanangu analitoa, analiosha na kulirudisha.