Kutafuta Ukuta Unaoanguka

Jina la ule mchezo sikulijua kamwe. Liliandikwa kwa Kiingereza, na mimi shule niliiachia njiani. Sisi wawili tuliuita Ngome tu. Nao ulikaa ndani ya telefone ya rafiki yangu, si ndani ya yangu, na hapo ndipo mateso yangu yote yalipotokea.

Ulikuwa hivi. Kuna mlima huku na mlima kule, katikati bonde. Kila mmoja anajenga ngome yake juu ya mlima wake kwa mbao na chuma, anaweka mizinga, kisha anapiga ngome ya mwenzake mpaka ule mtambo uliofichwa ndani upasuke. Utamu wake ni kwamba vitu vilikuwa na uzito. Ubao usioshikiliwa vizuri ulipinda kwanza, ukalia, ndipo ukavunjika, na vyote vilivyoukalia vikaufuata. Moto ukiwaka chini ulipanda juu. Ukiweka mzinga mzito ukingoni, ngome yako yenyewe ilijiinamia na kutumbukia bondeni, adui akiwa bado anapanga mbao zake.

Tuliucheza Butembo, wawili kwenye telefone moja, kwenye ngazi ya nyumba yao iliyotazamana na yetu. Wao ni Waislamu, baba na kaka yake wana kamio za kubeba mizigo. Sisi ni Wakatoliki, mama anauza maharagi. Jumapili nikitoka misa nilimkuta amekwisha kukaa pale ngazini, telefone imejaa umeme, na upande wa kushoto ameniachia.

Kila mmoja alijenga kama kwao wanavyojenga. Mimi ni mtoto wa mji wa vilima, ambako husimamishi nyumba kabla hujazuia udongo, basi nilianza kila mara na msingi. Msingi, halafu uzio, halafu chuma juu ya uzio. Nikimaliza, chuma kimeisha na mzinga sina. Yeye alijenga kama mtu anayepakia kamio: vizito chini, vyepesi juu, na mbao za mshazari pande zote kama kamba za kufungia mzigo.

"Weye unajengea nani?" aliniuliza akicheka. "Adui amekwisha kufika, weye ungali mu fondasyo!"

"Nyumba bila fondasyo ni sanduku."

"Sawa, kaa mu fondasyo yako. Mie napiga."

Akapiga. Tulicheka mpaka mama yake akatoka kuuliza nani ameanguka.

Kisha kaka yake akaoa mwanamke wa Beni, na depo ya kamio ikahamishiwa kule. Rafiki yangu akaenda kukaa nao, na telefone ikaenda naye. Niliwapungia mkono nikicheka, kwa sababu mimi ni mtu wa kucheka, na Beni si mwisho wa dunia. Nilijaribu kuweka Ngome kwenye telefone yangu. Telefone ikakataa. Ni ndogo, na imejaa picha za mitindo ya nguo, maana najifunza kushona.

Siku moja nikamuuliza kwa sauti ya WhatsApp, "Sasa unacheza na nani?"

Jibu lake likaja na kicheko ndani. "Na wifi yangu! Ee, usimuone vile, ule mwanamuke anajifunza mbio sana!"

Mbio sana. Mimi nilimaliza mwaka mzima kabla ya kuweza kumshinda hata mara moja, na huyu anajifunza mbio sana. Niliisikiliza ile sauti tena na tena huku nikishona, mpaka nikaunga mkono wa kulia wa blauzi mahali pa mkono wa kushoto. Tantine anayenifundisha kazi aliinua ile blauzi juu, akaitazama, akanitazama.

"Huyu mutu iko natembea kinyumanyuma?"

Halafu ikaja picha ya ngome ya wifi. Ilikuwa ndefu, ya chini, imesimama juu ya miguu mingi kama vile vitanda vya mbao wanavyoanikia kakao. Kwao wifi ni watu wa kakao, donc basi, ndivyo alivyojua kujenga. Niliitazama kwa muda mrefu nikitafuta kosa. Kosa halikuwepo. Risasi zingepita juu yake au chini yake. Nikamwandikia rafiki yangu, "Iko muzuri sana," nikaweka na mioyo. Kila moyo niliobonyeza ulikuwa uongo.

Hapo nikaamua: nitatafuta mchezo mwingine unaofanana na Ngome, unaoingia kwenye telefone yangu ndogo, tena unaoipita Ngome kwa utamu. Nitakwenda nao Beni. Rafiki yangu ataujaribu, atasahau vitanda vya kakao, na wifi atarudi jikoni.

Karibu na soko kuna papa mmoja, mzee mwenye kibanda, anayewekea watu nyimbo na filamu kwenye telefone. Nikaenda kwake.

"Papa, natafuta muchezo. Ya kujenga ngome, kisha unaivunja."

"Ya kujenga ao ya kuvunja?"

"Yote."

"Binti, unataka mambo mingi."

Mchezo wa kwanza alionipa ulikuwa na askari wengi na rangi nzuri. Nilijenga ukuta, adui akaupiga, ukatoa moshi kidogo na kupotea. Nilikaa nikiangalia pale ulipokuwa. Ukuta umekufa bila kuanguka! Ninaufanyia nini ukuta wa namna hiyo? Nikaurudisha. Wa pili ulinipa mzinga tu, na minara iliyojengwa na watu nisiowajua. Niliivunja mpaka nikaona huruma, maana mtu aliyeijenga hakuwepo hata kunitukana.

Wa tatu ndio ulionishtua. Ulikuwa wa kujenga madaraja. Mbao zilipinda, zikalia ile sauti yenyewe, na moyo wangu ukaruka. Mais lakini adui hakuwepo. Magari yalivuka tu, moja, lingine, kwa upole, kama siku ya soko. Uzito nimeupata, ugomvi sina.

Nilikuwa nikirudi kibandani kila nilipopata nafasi, na papa akaanza kuushika ule msako kama wake. Akiniona tu anauliza, "Ile ya jana, inaanguka?"

"Inaanguka, papa, mais yote mara moja, kama muchanga."

"Na weye unataka ianguke namna gani?"

"Polepole. Ubao kwa ubao. Ili mutu apate wakati wa kulia."

Akaweka chini kikombe chake cha chai. "Ile yako ya kwanza ilipotea wapi?"

"Haikupotea. Iko Beni."

"Aaa." Akatikisa kichwa kama mtu aliyefunuliwa siri. "Basi huyo kijana akuoe ama akuache, upumzike."

"Si kijana, papa! Ni muchezo!"

"Bote banasemaka vile."

Mwishowe tukaupata. Ulikuwa mchezo mdogo, mwepesi, picha zake za kawaida tu. Unajenga mnara wa mbao, kisha unachagua wapi jiwe lishukie. Nilijenga, nikadondosha jiwe, na ubao wa pembeni ukapinda, ukalia, ukamvuta mwenzake, yule akamvuta mwingine, mpaka mnara ukapiga magoti. Papa alipiga kofi mezani. Ni kweli ulikuwa mchezo wa mtu mmoja. Mais mimi nilikwisha kubuni namna ya wawili: mmoja anajenga, anampa mwenzake telefone, mwenzake anadondosha mawe. Nikiwa kwenye mashine ya kushona niliona kila kitu waziwazi. Rafiki yangu anasema, "Hii inapita ile!" Wifi amesimama mlangoni na sinia mkononi, hajui akae wapi.

Idi ikafika, rafiki yangu akaniita nije kula nao. Juma lile barabara ilikuwa imetulia, bila habari za mashambulizi. Nilishuka Beni na nguo niliyojishonea, na tulipopita Kalunguta joto likaanza kupanda, nikavua sweta. Uani kwao kulikuwa na turubai limetandazwa kakao, na ile harufu yake chachu. Rafiki yangu akanirukia shingoni. Nyuma yake akatoka mwanamke mrefu mwenye mikono ya unga, anacheka kwa mdomo wote.

"Ndiye huyu? Njo yeye mwenyewe?" wifi akasema. "Karibu, wifi, karibu. Nilizania weye ni mukubwa kama nyumba!"

Niliponuia kumchukia, nikakuta ameniletea maji ya kunawa.

Tukakaa mkekani. Nilitoa telefone yangu kabla hata ya chakula, nikamweleza rafiki yangu mawe, mnara, namna ya wawili. Alijenga, nikadondosha, mnara ukaanguka polepole, ubao kwa ubao, kama nilivyousifu.

"Iko muzuri," akasema.

Ile sauti naijua. Ndiyo sauti ya mteja aliyevaa gauni, akajitazama kwenye kioo, na hatarudi kulichukua. Akanirudishia telefone kwa mikono miwili, taratibu, asiniumize.

Na wifi akasema, "Mupe basi ajaribu ile yetu."

Yetu. Nilitazama kakao zilivyoanikwa. Nilitaka kusema kwamba ile ilikuwa yetu Butembo wakati weye hujajua hata mzinga unaelekea wapi. Nikasema, "Sawa, wifi. Tucheze, mie na weye."

Wifi akakaa upande wa kulia, mimi wa kushoto, telefone katikati juu ya mto. Rafiki yangu alipiga magoti nyuma yetu. Wifi alijenga kitanda chake kirefu kwa haraka, vidole vyake vikienda vyenyewe. Mimi, bila kufikiri, nikaanza na msingi.

"Mungu wangu," nikasikia kwa nyuma. "Fondasyo tena!"

Risasi ya kwanza ya wifi ikaingia chini ya uzio wangu, moto ukaanza kupanda. Nilikuwa na mzinga mmoja tu. Ndipo rafiki yangu akapiga kelele karibu na sikio langu.

"Kata ule ubao! Wa chini, wa chini! Moto iko napanda, kata! Njo vile! Sasa piga miguu yake, piga miguu!"

Nikakata. Moto ukakosa pa kupitia. Nikapiga mguu wa mbele wa kile kitanda, kikainama, mzinga wake ukateleza mpaka ukingoni na kuvuta vyote bondeni. Rafiki yangu akanikumbatia kwa nyuma tukaanguka wote mkekani, na alikuwa anapiga kelele kana kwamba ni yeye aliyeshinda. Nikajua basi. Hakufikiri. Hakuchagua. Mdomo wake ulikuja wenyewe upande wangu.

Nilifurahi, sina la kuficha, nilifurahi mpaka kwenye vidole vya miguu.

Wifi alicheka nasi. Kisha kicheko chake kikaisha kabla ya chetu. Akakung'uta unga uliobaki mikononi.

"Kila siku nikicheza unaniambia, mwenzangu wa Butembo hangefanya vile," akamwambia rafiki yangu. "Nikikosea, mwenzangu wa Butembo. Nikipata, ee, mwenzangu wa Butembo naye alikuwa anapataka. Mie nilimuchoka kabla ya kumuona. Na hujanipigia kelele hata siku moja, kata ubao, piga miguu. Hata siku moja."

"Wifi, ni muchezo tu," rafiki yangu akasema.

"Najua ni muchezo." Akainuka. "Wali itaungua."

Alichuchumaa mbele ya mbabula, lile jiko lao la makaa, akipuliza makala yaliyokuwa yanawaka vizuri, hayahitaji kupulizwa. Niliuona uso wake kwa upande. Uso ule mimi nilikuwa nao miezi yote kule Butembo, kwenye mashine ya kushona, kibandani kwa papa, mbele ya ile picha ya kitanda cha kakao. Sikuwa nimewaza kwamba kuna mtu mwingine anauvaa, tena kwa ajili yangu.

Rafiki yangu alikuwa ameanza kupanga mchezo mwingine. "Kuja, ushike upande wako," akaniita.

Kisha nikachukua telefone yangu ndogo, nikaenda kuchuchumaa karibu na mbabula.

"Wifi, hii nimeitafuta sana, na yeye haipendi. Inaanguka polepole. Unataka kuona?"

Hakunitazama. "Polepole namna gani?"

"Ubao kwa ubao."

"Ngoja nigeuze wali."

Akageuza, akafunika, akapangusa vidole kwenye kitenge, akaichukua. Hakuanza na msingi. Akaanza na miguu, mirefu, myembamba, akazilaza mbao juu yake.

"Nyiye bawili, munafanya nini kule?" rafiki yangu akaita kutoka mkekani.

Wifi alikuwa bado anatafuta mahali pa ubao wa mwisho, na mimi nilikuwa natazama ile miguu myembamba kama itaushika.