Mafuta Yaliyovishwa Koti

Tulikuwa tukikaa Tuwan, Kitale, mke wangu akifundisha kemia shuleni, nami nikifundishwa kila jioni bila kuomba. Mamangu alikuwa Bungoma na mbegu ya mahindi aliyoachiwa na mamake. Hakuna duka lililoiuza. Ikipotea kwake, imepotea.

Miaka yote mama alitundika mashada ya mahindi ya mbegu juu ya meko, moshi ukayalinda. Kisha sisi wanawe, kwa kujitia wema, tukambomolea jiko la zamani tukamjengea jipya lenye bomba la kutoa moshi. Msimu huo ukungu ukayaingia mahindi. Mama hakutulaumu, alichambua tu yaliyosalia, na hilo lilituuma zaidi.

Mke wangu akasema mafuta ya mchaichai huua ukungu, ila yakiachwa wazi huruka upesi na kuisha nguvu. Basi akayeyusha gundi ya mgunga kwa maji, akatia mafuta, akapigapiga mpaka mchanganyiko ukawa mweupe kama maziwa. Akauanika kivulini kwenye sinia, ukakauka, akausaga. Kila chembe ya unga ule, alisema, ina vitone vya mafuta vilivyovishwa koti la gundi. Nilinusa, sikusikia kitu. Nikamtania, lakini moyoni nilimwonea fahari kubwa.

Tukampelekea mama Bungoma. Yeye aliponusa hakutania. Kwetu dawa ni harufu. Isiyokupanda puani ni unga wa uji.

"Sasa hii ni dawa gani, bana? Si hata hainuki!"

Tulipoondoka akaukoroga kwa maji moto na kuunyunyizia mahindi. Jiko likanukia, majirani wakaja kusifu. Baada ya wiki harufu ikaisha, ukungu ukarudi, na likabaki shada moja tu zima.

"Dawa ya bibi yako imekufa," akaniambia kwa simu.

Nilipandwa na hasira, nikataka twende tukabishane. Mke wangu akakataa. Alitengeneza unga mwingine, akaushonea ndani ya kifuko cha kitambaa, akaupeleka mwenyewe na kuuweka kwenye debe pamoja na lile shada.

"Mama, hii imelala. Unyevu ukiingia, koti litalainika, itaamka yenyewe. Wewe usiiamshe."

Mvua zikawahi. Asubuhi moja mama akafunua debe, akakuta ndani kumeingia unyevu, na harufu ya mchaichai ikampiga usoni. Mahindi hayakuwa na doa. Akatupigia simu akipiga kelele, "Imeamka! Ati imeamka yenyewe!"

Tulienda kumsaidia kupanda. Mbegu ile nilikuwa nikimwomba tangu nioe, hajanipa hata punje. Siku hiyo akapukuchua muhindi mmoja kwenye leso, akafunga fundo, akanipita mimi mwanawe na kumwekea mke wangu mkononi.

"Hii nilipewa na mama," alisema. "Sasa ni yako. Iweke pamoja na ile yako ya kulala."