Nilikwangua Sarafu Kama Vocha, Nikamchafua Shemeji Yangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili msihangaike kumtafuta mwingine huko mbele. Jina langu sitalitaja, maana mke wangu ameniomba nisilitaje, na kwa niliyomfanyia sina tena ubavu wa kumkatalia.

Mimi ni mzee wa Chapwa, hapa Tunduma. Nimesoma hadi kidato cha nne, nimekuwa karani wa ghala mpaka nikastaafu, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Sijisifu. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyofanya uongo wangu uaminike!

Mdogo wake mke wangu ana duka la simu lenye mlango wa kijani ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Huniita mulamu, kama wanavyoitana mashemeji upande ule. Kila Jumapili alikuwa anavuka mpaka kuja kula kwetu, na hakuna Jumapili aliyoondoka bila kunichokoza.

"Mulamu, umeshajua kuzima data, au inakula tu bando usiku kucha?"

"Kula ugali wako," namwambia, na dada yake anacheka hadi anaweka kijiko chini.

Jumapili moja alikuja na sarafu mfukoni. Ya rangi ya dhahabu, nzito, kubwa kuliko kizibo cha soda, nyuma ina kibandiko kinachometameta.

"Hii ni bitikoini ya kushika," alisema. "Pesa yenyewe iko mtandaoni, sarafu imebeba ufunguo tu. Chini ya hiki kibandiko pana maandishi ya siri. Anayeyaona maandishi hayo ndiye mwenye pesa. Kwa hiyo usikibandue mpaka siku utakayotaka kuitumia, mulamu. Ukibandua, umefungua mlango."

"Nimekuelewa."

"Umeelewa kweli?"

"Nimesoma mimi!"

Ndugu zangu, ningekuwa na kiboko siku ile ningejichapa mwenyewe. Niliuza ng'ombe, nikainunua. Shemeji alinionyesha kwenye simu yake jinsi namba fupi iliyochapwa usoni mwa sarafu ilivyoonyesha kwamba pesa imo. Nilirudi nyumbani kifua mbele kama waziri.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mimi nimekwangua vocha maisha yangu yote. Mkono wangu ukiona kitu cha kukwangua hauombi ruhusa! Nilikaa na ile sarafu siku chache, naigeuza, nainusa, nairudisha kabatini. Mchana mmoja mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Nikajiambia, nichungulie tu, nitarudishia.

Nikaingiza ukucha.

Kibandiko kilitoka, kikaacha alama kama sega la nyuki. Chini yake palikuwa na herufi na tarakimu zimebanana kama abiria wa gari la mnadani. Sikuelewa hata moja. Basi msomi mimi nikafanya nini? Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi letu la wasap la tuliosoma pamoja, nikaandika: "Wakuu, mwenye kujua maana ya haya anijuze."

Jamani! Kundi lenyewe lina watu wengi kiasi kwamba nusu yao siwajui. Mmoja akajibu, "Hiyo ni namba ya injini ya trekta." Mwingine akasema, "Mzee amekalia simu tena." Wakacheka, wakarudi kwenye mambo ya rambirambi. Mimi nikachukua gundi ya viatu, nikabandika kibandiko, nikakikandamiza kwa kidole gumba. Nikaona nimemaliza.

Wiki iliyofuata nilivuka kwenda Nakonde kumwomba shemeji aniangalizie imepanda kiasi gani. Dukani palikuwa na wateja. Akaangalia namba ya usoni, akaangalia tena.

"Mulamu, humu hamna kitu."

"Hamna vipi?"

"Pesa imetolewa. Kuna mtu ameona siri."

Hapo nilipaswa kumeza mate na kufikiri. Badala yake nilipandisha sauti mpaka waliokuwa nje wakachungulia. "Umeniuzia hewa! Mimi mume wa dada yako! Mwizi wewe!" Wateja wawili wakaweka simu walizokuwa wakizichagua juu ya meza, wakatoka taratibu. Shemeji aliinua macho kutoka kwenye sarafu. Aliwaangalia wakiondoka.

Njiani kurudi nilifungua simu nione salamu za kundi. Picha yangu bado ilikuwapo. Na chini yake kidogo, siku ileile niliyoituma, paliandikwa kwamba namba fulani nisiyoijua imejitoa kundini.

Nilisimama pale pale barabarani. Nilielewa yote. Mlango niliufungua mwenyewe, tena nikaita watu waje kuuona!

Hadi hapo lilikuwa kosa la mjinga. Dhambi yenyewe inaanza sasa. Nilifuta ile picha, nikanyamaza.

Mke wangu, kwa kutaka amani, aliomba ukoo wao ukae. Baba yao mdogo alikuja kutoka Itumba, tukakutana sebuleni kwangu. Shemeji aliichukua sarafu, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, tazama hapa. Hii alama inatokea kibandiko kikibanduliwa." Akanigeukia. Hakuniita mulamu. "Shemeji, ulikibandua?"

Wote wakanitazama. Mke wangu alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, mikono imefumbatana.

"Ulivyoniletea ndivyo ilivyo," nikasema. "Mimi sijagusa."

Baba mdogo hakuwahi kuiona bitikoini maishani mwake. Alichokiona ni mzee wa kanisa upande mmoja na mchuuzi wa simu upande wa pili. Akasema, "Mwanangu, mrudishie shemeji yako kitu. Usimvunjie dada yako nyumba."

Shemeji alimtazama dada yake. Kisha akasema, "Sawa. Atachukua friji."

Friji lenyewe ni lile la soda, la kioo, lililokuwa mbele ya duka lake. Liliwekwa sebuleni kwangu. Loo! Mliowahi kulala nyumba moja na friji kuukuu mnalijua: linanguruma, linatulia, linashtuka, linanguruma tena. Mimi kila likishtuka nashtuka nalo. Mke wangu hakulifungua hata siku moja. Aliendelea kunywa maji ya mtungi. Na Jumapili tulikula wawili, bila mtu wa kuniuliza habari za data.

Nilikaa hivyo miezi, nakunywa maji baridi peke yangu.

Kilichonivunja kilinikuta mpakani. Nilikuwa nabadilisha kwacha kwa kijana mmoja mwenye maneno mengi. Nikamuuliza nitapata wapi chaja nzuri ng'ambo.

"Popote baba, ila usiende duka lenye mlango wa kijani," akasema. "Pale wanauza hewa. Kuna mzee wa watu, mzee wa kanisa kabisa, alilizwa mpaka leo anaumwa presha."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua! Siku hizi pale haingii hata nzi. Mbona unatoka jasho, baba?"

Nilisimuliwa uongo wangu mwenyewe, umeongezewa na presha juu!

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia yote, kuanzia ukucha hadi kundi la wasap. Hakuinua uso.

"Mume wangu, siku ile nilipotoka sokoni kidole chako kilikuwa na gundi. Tena kilinuka."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua. Na mdogo wangu nilimwambia baada ya kikao. Akanijibu, 'Dada, acha friji likae. Nikimuumbua mumeo, nitakuwa nimekuumbua wewe.'" Akapuliza maganda. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Umechelewa, lakini umesema."

Kesho yake nilikodi toroli. Pale mpakani ofisa akaniuliza, "Mzee, unaenda kuuza friji?"

"Nalirudisha kwa mwenyewe."

"Limeharibika?"

"Lenyewe zima. Aliyeharibika ni mimi."

Akanitazama kama anayetaka kuniitia daktari, akanipitisha.

Shemeji alikuwa amekaa peke yake nyuma ya meza. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mbele ya msukuma toroli na mama muuza vitumbua wa jirani. Shemeji alisikiliza, na nilipofika kwenye picha ya kundi la wasap alicheka mpaka akashika ukuta. "Uliituma kwa kundi zima, mulamu? Zima?" Mulamu! Lile neno lilinitoa machozi.

Kisha akaacha kucheka.

"Friji nimelipokea. Na jina langu je, umelileta kwenye toroli gani?"

Tangu siku ile nazunguka kulirudisha. Baba mdogo nimemwendea Itumba, nikakiri. Kanisani nimejiuzulu uzee. Yule kijana wa kwacha nimemweleza, akasema, "Duh, ni wewe?" Lakini maneno niliyoyatupa yamefika nisikoweza kufika kwa miguu hii. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Wenzangu wenye mvi, kitu usichokijua usikikwangue. Siri ya pesa usimwonyeshe mtu, sembuse kundi. Na ukishakosea, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo la kuchekwa tu! Usimwachie mwingine alibebe kwa sababu wewe unaheshimika.

Na mkipita Nakonde, duka la simu lenye mlango wa kijani halijawahi kumuuzia mtu hewa. Ingieni, nunueni hata kava. Friji limerudi mahali pake, na soda ni za baridi.