Anayekula kwa Ulimi Wangu

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mie mwenyewe, mchana kweupe, Mbezi Beach, nikiwa sijanywa hata soda. Na mie si mtu wa kutishwa na vivuli. Nina diploma ya upishi. Nimepika Muscat, nimepika Istanbul, nikarudi kufungua mgahawa wangu Temeke bila mtaji wa mjomba wala shangazi. Watu walitoka Kinondoni kufuata pilau yangu. Ulimi huu ulikuwa ukionja mchuzi mara moja tu, unakwambia chumvi ilitangulia nyanya au ilifuata.

Basi ukafunguliwa mgahawa wa vyakula vya Peru. Sikuwahi kuvila, na mpishi wa hadhi yangu atakaaje bila kuvijua? Nikamchukua mke wangu Rehema, tukaenda. Nikaagiza seviche: vipande vya samaki mbichi vilivyolowekwa kwenye ndimu, juu vitunguu na pilipili, pembeni kiazi kitamu.

Rehema akaitazama sahani. "Baba Nasra, hiki hata paka wa Temeke angesubiri kiive."

"Kimeivishwa na ndimu."

"Haya. Kesho tuweke ndimu chini ya sufuria, tuokoe mkaa."

Meza ya jirani alikaa mzee mwenye suti ya kijivu, mbele yake hakuna hata glasi. Anatutazama. Sie tumelelewa hivyo, hupeleki tonge mdomoni mbele ya mtu bila kumkaribisha. Na anayekaribishwa anajua la kujibu: anashukuru, anasema ameshiba, yanaisha. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba. Nimekaribia."

Akavuta kiti! Wewe ungefanyaje? Ungemfukuza?

Akachukua uma wangu, akachoma kipande, akatia mdomoni. Wallahi, ladha ikaja kinywani mwangu. Ukali wa ndimu, pilipili, utamu wa samaki, vyote, na mie sijagusa kitu. Alipomeza, ikaondoka.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Una ulimi mzuri."

Akainuka, akatoka. Rehema alimwona vilevile, muulize.

Nikala. Nilikuwa kama natafuna maji. Mpaka leo, chochote nilacho ni maji. Hospitali walinichungulia koo, hawakuona kitu. Shehe alinisomea, wapi. Rehema akawa ananionjea jikoni, lakini Rehema si mpishi. Mteja wangu wa siku zote akasukuma sahani: "Bosi, leo umemwaga bahari nzima humu?" Hakurudi, na wenzake wakamfuata. Viti vya mgahawa sasa vimepangwa sebuleni kwangu, watoto wanapanda.

Hilo ningelivumilia. Ila kuna wakati nimekaa tu, sijala kitu, kinywa kinajaa muhogo wa nazi. Siku nyingine ndizi nyama. Najua kuna mahali amekaribishwa. Na wiki iliyopita kilijaa wali wa mama yangu, pamoja na ule ukoko aliokuwa akiuunguza kidogo makusudi kwa ajili yangu. Mama tulimzika Segerea, mwaka niliorudi. Nililia huku natafuna hewa, nikimwomba yule mzee asimeze.

Akameza.

Kwa hiyo ukiwa na sahani mbele yako, mkaribishe yule tu unayetaka kweli ale. Waliobaki wape mgongo. Watakuita mchoyo. Waache waseme, mchoyo angalau anaonja chakula chake.