Mbuzi Aliyerudishwa

Watu wanaomkumbuka mbunge niliyemfanyia kazi hupenda kusimulia habari ya mbuzi. Wanaisimulia vizuri, na mwishoni hutikisa vichwa wakisema viongozi wa namna ile hawapo tena. Nikiwapo hunigeukia niwathibitishie, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani wake, na kamba ya yule mbuzi niliishika kwa mkono wangu. Huwa nasema ndiyo, ni kweli kabisa. Kisha natafuta sababu ya kuondoka, kwa sababu wao huishia katikati, na mimi sijawahi kuwa na ubavu wa kuwasimulia iliyobaki.

Sitaki mtu adhani namchafua. Mzee, ndivyo tulivyomwita sote ofisini Mbinga, hakula rushwa hata siku moja. Ilikuwa miaka ya ujamaa, na wako wengi waliolikariri Azimio lote wakaishi wanavyotaka. Yeye alilichukua kama agizo lililoandikwa kwa jina lake. Mfanyabiashara mmoja wa malori alimpelekea mke wa Mzee gunia la sukari wakati sukari ilikuwa haionekani, na mama yule alikuwa ametoka kujifungua. Mzee alilipakia gunia kwenye Landrova akalirudisha mwenyewe mchana kweupe, na mkewe akaendelea kunywa uji wa chumvi. Uongo nao hakuuvumilia, hata ule mdogo wa kiofisi. Siku moja nilimwambia mtu kwenye simu kwamba Mzee katoka. Aliuchukua mkono wa simu kutoka kwangu akasema, "Nipo. Karani wangu amekosea." Hakunifukuza, wala sikuwahi kumwona akimfukuza mtu. Alinitazama tu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Nilimpenda mtu yule kupita kiasi. Nilikuwa mgeni kule, mtu wa Singida, nina mke na watoto wawili, na sikuwa na ndugu wa karibu. Nikaanza kutembea kama yeye, mikono nyuma, na kukataa hata ndizi niliyopewa njiani. Mke wangu alikuwa akinicheka, akiniuliza kama na yeye aanze kuniamkia.

Basi, kamati iliyokuwa ikipanga vijiji vipya iliamua kwamba watu wa mlima mmoja upande wa Maguu washuke wakakae bondeni, kando ya barabara. Mzee alikuwa mjumbe wa kamati ile. Mlima wenyewe ulikuwa umelimwa ngoro kutoka chini hadi juu, yale mashimo ambayo Wamatengo huyapanga ubavuni mwa mlima ili mvua isiondoke na udongo. Kahawa ilikuwa imezunguka nyumba, na makaburi yalikuwa ndani ya kahawa. Bondeni kulikuwa na maji yaliyotuama na mbu. Wananchi walikuwa wameambiwa kwamba atakayehama mwenyewe atachagua kiwanja, na atakayesubiri atahamishwa na mgambo. Habari za nyumba kutiwa moto katika sehemu nyingine zilikuwa zimeshafika huko juu kabla ya sisi kufika.

Mzee alipanda kwenda kujionea. Alitembea kwenye ngoro siku nzima, akauliza maswali kama mtoto wa shule, akashuka hadi bondeni akakanyaga tope. Aliporudi hakula. Asubuhi iliyofuata alinisomea barua nikaichapa: anaiomba kamati iwaache watu wale walipo na mlima wenyewe uandikishwe kuwa kijiji. Alisema kuwashusha ni kuwaua.

Karatasi ilikuwa bado kwenye mashine ya taipu walipofika watu wa mlimani wenyewe. Walikuwa wanaume watatu na mama mmoja mjane, wa makamo, miguu imejaa vumbi jekundu, wakimvuta mbuzi jike mweusi. Mbuzi alikuwa wa yule mama. Alikuwa naye huyo mmoja tu, nami nilikuja kulijua hilo baadaye. Aliyesema alikuwa yeye, kwa Kimatengo, na mmoja wa wanaume akatugeuzia kwa Kiswahili, maana yeye Kiswahili alikijua kidogo tu. Alisema mume wake yuko ndani ya kahawa, hawezi kuhamishwa. Mwanawe yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge, na mke wa mwanawe ana mimba kubwa, hawezi kulala nje mvua zikianza. Hakulia. Alizungumza huku anajishika mkono mmoja kwa mwingine, kama anayeuzuia usikimbie. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema amesikia. Wakaaga.

Mbuzi walimwacha amefungwa kwenye nguzo ya uzio.

Mzee alipotoka akamwona, uso wake ulibadilika. Nilimweleza ameletwa na nani, ingawa alijua. Alimtazama mbuzi akila maua ya ofisi, kisha akaniambia nimrudishe siku ileile.

"Na neno la barua usiwaambie," alisema. "Wakijua leo, kesho watasema mbuzi ndiye aliyeiandika."

Hapo ndipo wasimuliaji wangu wanapoishia, na hapo watu hucheka.

Dereva wetu alikuwa mtu wa ziwani, Mwanglikana wa Liuli, mwenye utani mwingi. Njia nzima alimwita yule mbuzi Mheshimiwa, akimwomba radhi kila gari lilipoingia shimoni. Barabara ilipokwisha alibaki na gari, mimi nikapanda kwa miguu na mbuzi wangu. Nilikuwa na furaha, lazima niseme hivyo. Nilijiona ninao usafi wa Mzee mwilini mwangu, na nilitamani watu wanione.

Mjane alikuwa kwenye ngoro zake akifukia majani. Aliponiona na kamba mkononi aliacha jembe likalala. Nilimwamkia. Alijibu kwa sauti ndogo, macho yako kwa mbuzi, kisha akaniuliza Mzee amesemaje. Nikamwambia anashukuru sana, lakini mbuzi ni wake.

"Ni hayo tu?" aliuliza.

"Ni hayo tu, mama."

Aliipokea kamba. Tulipanda hadi nyumbani kwake. Mkwe wake alikuwa mlangoni, tumbo limeshuka, akajaribu kuinuka anisalimu nikamzuia. Mjane aliingia ndani, akatoka na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akanipa nile njiani kwa kuwa nimetoka mbali. Nilivipokea. Siku ile hata sikukumbuka kukataa.

Nilikuwa navila ndani ya gari dereva aliponiuliza kama nimewaambia chochote. Nikasema hapana, nimerudisha mbuzi tu, ndivyo nilivyoagizwa. Alizima injini. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Karani, huku ukimpelekea mkubwa kitu pamoja na shida yako, akikipokea ameipokea na shida," alisema. "Akikurudishia, umekataliwa. Hata kwetu ziwani ni hivyohivyo. Watu wale wamejibiwa tayari. Nikusubiri upande tena?"

Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Jani la mgomba lilikuwa magotini mwangu na kiazi kilikuwa bado cha moto. Kutoka pale hadi kwa mjane haikuwa mbali, na jua lilikuwa juu bado. Nilihitaji kusema neno moja tu: subirini. Sikulazimika hata kuitaja barua. Lakini nilikuwa nimeagizwa, na kutii kulikuwa kumenivimbisha kichwa, na nadhani pia nilikuwa nimechoka kidogo. Nilimwambia dereva twende. Aliwasha gari, hakunitania tena hadi Mbinga.

Kamati ilikutana baada ya wiki mbili. Mzee alibishana nao tangu asubuhi hadi jioni, akatoka sauti imemkauka, lakini walikubali. Watu waliopo mlimani wabaki mlimani. Nilichapa majibu yale mwenyewe, vidole vinakimbia, na kesho yake tukaondoka na dereva mvua inanyesha. Nilikuwa nimepanga hata maneno nitakayoanza nayo.

Mlimani hapakuwa na moshi. Nyumba zilikuwa kuta tu, mapaa yameshushwa, nguzo zimeng'olewa na kuacha mashimo yaliyojaa maji. Mwanzoni nilidhani ni mgambo, nikaanza kutukana. Nikamkuta mmoja wa wale wanaume watatu, amerudi kuchukua boriti zake. Alinisalimia vizuri, bila kinyongo. Akaniambia siku mbuzi aliporudi walikaa wote wakakubaliana kwamba shauri limekwisha, na kuliko kungoja kuchomewa ni afadhali washuke wenyewe mvua hazijachanganya. Walibomoa kwa mikono yao kwa siku tatu. Nilimuuliza habari za yule mjane. Alisema mkwe wake amejifungulia bondeni, ndani ya kibanda cha majani, usiku wa mvua kubwa. Mtoto aliishi siku nne. Mama mtu ana homa.

Sikwenda bondeni. Nilimwambia dereva tugeuze, tumpelekee Mzee habari. Huo ulikuwa woga na si kingine.

Mzee alinisikiliza amesimama. Sikumficha alichonieleza dereva, wala nilichomjibu. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Alichukua ile karatasi ya kamati akaenda nayo kwa wakubwa, kwanza palepale Mbinga, kisha Songea, akakaa huko juma zima. Walimwonyesha karatasi yake mwenyewe: waliopo mlimani wabaki mlimani. Wale walikuwa hawapo mlimani tena. Walikuwa wameandikishwa bondeni siku waliyofika, na majina yao yalikuwa yamepelekwa juu kwa sifa kubwa, kuwa wananchi wa kwanza kuhama kwa hiari. Wakirudishwa wao, wengine wote watataka kurudi. Mzee aliomba, jambo ambalo sikudhani analiweza. Walimjibu kwa adabu, na jibu likabaki lilelile.

Aliporudi alisema twende bondeni tukawaambie. Nilimuuliza tukawaambie nini, maana hatukuwa na kitu cha kuwapa. Alisema ukweli ni wao, hata kama haufai kitu. Tulipokuwa njiani, bila kunitazama, aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa akijiuliza tangu Songea.

"Ulitaka nimle yule mbuzi?"

Nilisema hapana. Akasema, "Na mimi hapana. Hata leo hapana." Kisha akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakaanza kumtetemeka, na dereva akapunguza mwendo kwa heshima. Sikujua la kufanya. Nilikuwa nimemchukulia mtu huyu kama nguzo, na nguzo haishikwi bega.

Kibanda cha mjane kilikuwa cha mwisho, karibu na maji. Mkwe wake alikuwa amelala kwenye mkeka, amegeukia ukuta wa majani, haongei. Matiti yalikuwa yamelowesha nguo yake. Mbuzi sikumwona, wala sikuuliza. Mjane alitupatia gogo tukalie, akabaki amesimama.

Mzee alimwambia yote kwa Kiswahili rahisi, taratibu. Kwamba barua ya kuwatetea ilikuwa imeandikwa kabla mbuzi hajaja. Kwamba yeye hapokei kitu cha mtu, ndiyo maana alimrudisha. Kwamba kamati ilikubali, na sasa haiwezekani kurudi, amejaribu akashindwa. Aliomba radhi. Mjane alisikiliza kama alivyosikilizwa yeye siku ile ofisini, hadi mwisho. Kisha akaelekeza kidole kwangu.

"Huyu aliyeleta mbuzi, alijua?"

"Alijua," alisema Mzee. "Mimi ndiye niliyemkataza asiseme."

Mjane alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hicho ndicho ninachoshindwa kukisahau. Alikuwa anataka kuelewa tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, ungeniambia siku ile, ungepoteza nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa nguvu zangu zote, mbele ya yule binti aliyelala, na sikupata kitu hata kimoja. Nikamwambia ningepoteza kazi.

Mjane aliitikia kwa kichwa. Kazi alikuwa anaielewa, mwanawe alikuwa ameifuata hadi kwenye mkonge. Alisema pole, akainama kumfunika mkwe wake. Nami nikamtazama Mzee, nikingoja aseme kwamba karani wake amekosea, kwamba hajawahi kumfukuza mtu na asingenifukuza mimi kwa neno moja la huruma. Alikuwa amesikia vizuri. Alitazama chini, akaizungusha kofia mikononi, na akanyamaza.